Anaumwa Kidogo

"Baba anaumwa kidogo," kaka alisema kwenye simu. "Njoo hospitali, ila usikimbie."

Nilikuwa dukani natoa nakala za mitihani ya shule. Mashine iliendelea kutema karatasi, nami nikaiangalia tu.

Kwetu neno hilo tunalijua. Bibi alipofariki, tuliambiwa anaumwa kidogo. Mjomba naye aliumia kidogo barabarani. Tulipofika, viti vilikuwa vimeshapangwa uani. Na mpiga simu siku zote alikuwa baba. "Mtu aliye njiani mpeni kidogo," alikuwa akisema. "Habari nyingine atapewa akishakaa."

"Mbona umesawijika hivyo?" mama mwenye duka akaniuliza.

"Baba anaumwa kidogo."

"Aa, kama kidogo si neno! Utamkuta anadai chai."

Nilikimbia.

Kaka alikuwa kwenye korido. "Lete mkoba nikubebee," akasema. Tangu tuzaliwe hajawahi kunibebea hata daftari.

"Yuko hai?"

"We vipi! Yuko hai. Figo ndizo zimeshindwa, zote mbili. Daktari alitaka kumweleza, nikamwomba asubiri. Nimemwambia mwenyewe anaumwa kidogo, asije akaogopa."

"Umemwambia nani? Baba?"

Kaka akafumba macho. Ndiyo kwanza alikuwa ameyasikia maneno yake mwenyewe.

Tulimkuta baba ameshikilia chuma cha kitanda kwa mikono miwili, shuka limelowa jasho.

"Mwanangu," akaninong'oneza, "ni leo au kesho?"

"Nini, baba?"

"Usinizunguke. Kaka yako kasema kidogo."

Kaka alinikanyaga mguu. Nilivuta kiti, nikakaa karibu kabisa. Nikamwambia yote: figo zote mbili, mashine ya kusafisha damu, mara tatu kwa wiki.

"Mpaka lini?"

"Daktari hajasema mwisho, baba. Lakini si leo, wala kesho."

Chumba kizima nilisikia pumzi zake tu, na nikaogopa nimemuua kwa mdomo wangu. Kisha akaachia chuma, kidole kimoja kimoja, akanishika mkono.

"Na hiyo mashine, ina sindano?"

"Mbili, kila mara."

"Kubwa?"

Lile neno lilinijia mpaka kwenye ncha ya ulimi. Nikalimeza.

"Kubwa, baba."

Akanibana vidole mpaka vikauma.