Kifaa Kwenye Ukosi

Wapiga msasa wawili waliotangulia kwenye mashine ile ya karakana ya useremala walikufa kwa saratani ya pua, na sasa wa tatu alikuwa ameanza kutokwa damu puani. Huyo wa tatu alikuwa mumewe. Mwanamke mwenyewe alipaka vanishi chumba cha pili cha karakana hiyohiyo, na kila mumewe alipopenga kamasi, moyo ulimlipuka paa.

Alihangaika ofisi hata ofisi mpaka akapatikana mpimaji. Vumbi la mbao likizidi kiwango, mwajiri angelazimishwa kufunga feni ya kulivuta nje. Feni tu, wala si ndege ya kwenda mwezini. Lisipozidi, mambo yangebaki vilevile.

Asubuhi mpimaji alimbania mume kifaa kidogo cha kunasa vumbi kwenye ukosi wa shati. "Fanya kazi kama kawaida," akamwambia. "Jioni nitakifuata."

Majibu yalipokuja, mwajiri aliyasoma akitabasamu hadi gego la mwisho. Vumbi lilikuwa dogo mno.

"Dogo?" mwanamke akauliza. "Mbona tunatoka humu kama tumemwagiwa unga?"

"Kipimo hakina shemeji," mwajiri akajibu.

Mumewe ni mtu ambaye akiazima sufuria huirudisha inameta. Akajitetea bila kushtakiwa. "Mimi kile kifaa nilikitunza. Nilikifunga mfuko wa plastiki kutwa nzima, nikautoa mpimaji alipokaribia kufika. Mali ya mtu ile. Kingejaa vumbi ningemwambia nini?"

Mkewe alitoa simu. Alimpigia mpimaji hapohapo, akamweleza yote. Mpimaji alisikitika kweli, lakini kupima upya kulihitaji ombi la mwajiri. Mwanamke akamgeukia mwajiri, akamwita baba, akapiga magoti kwenye lilelile vumbi dogo. Mwajiri alikuwa anabandika majibu ukutani.

"Maji yakimwagika hayazoleki, mama," akasema, akaomba apishwe.

Mume alimwinua, akamkung'uta magoti. Pua yake ilikuwa imeanza kutoka damu tena.

"Mke wangu, kwani nilikosea?"

Mkewe alimpendea uaminifu huohuo, tangu siku ya kwanza, na sasa aliuchukia. Akamfuta damu kwa kiganja.

"Hapana, mume wangu. Hukukosea."

"Basi ngoja nikamalizie ule mlango," akasema, akaenda kuwasha mashine.