Nyekundu Upande Wangu wa Kushoto

Nikirudi kutoka kufua mashuka ya hospitali, miguu imevimba na mikono inanuka dawa, huwa sina hamu ya kuongea na mtu. Nakaa kwenye stuli ya jikoni, ghorofa ya tatu, natazama maji dirishani. Hapo ndipo ninapomsubiri mume wangu. Mtaa mzima unamwita Nahodha, ingawa boti yake ni ya kuvusha abiria tu, nayo inakohoa kuliko mimi.

Yeye ndiye aliyenifundisha kusoma taa. Nyekundu hukaa ubavu wa kushoto wa boti, kijani ubavu wa kulia, nyeupe nyuma. Nikiona nyeupe peke yake, anakwenda zake. Nikiona nyekundu na kijani pamoja, anakuja moja kwa moja kwangu, basi nabandika sufuria. Na akija hivyo, nyekundu lazima iwe upande wangu wa kulia, kwa sababu tunatazamana. Siku za uchumba alinieleza hilo mpaka nikamwambia kama anataka kuoa taa aseme mapema.

Jioni ile giza lilikuwa limeshaingia. Mchana alikuwa amefunga vioo vipya vya taa peke yake, baada ya kumfukuza fundi. Nikaiona boti inakuja, taa zinawaka vizuri, nikanyanyuka kwa tabu kushika sufuria. Nikatazama tena. Nyekundu ilikuwa upande wangu wa kushoto.

Nikadhani ni uchovu, nikafikicha macho. Tishari, chombo kipana cha kubebea mchanga, lililokuwa linatoka likasita, likaelekea huku, likarudi kule, likapiga honi ndefu. Boti ya mume wangu ikapita karibu nalo mno, imejaa manesi wanaotoka zamu. Nikaiweka sufuria chini kabla haijaniponyoka.

Mtu kama yeye hakosei hilo mchana kweupe. Nikakumbuka mambo niliyoyapuuza: soksi zisizofanana, shati la kazini alilolivaa na doa la wino, na jinsi alivyoacha kunisifia nguo. Hilo la mwisho nilijisemea tu kwamba nimezeeka, nikalimeza.

Alipoingia alivua viatu, akaguna.

"Yule wa tishari kalewa nini? Umeziona taa zangu mpya?"

"Nimeziona." Nikamsogezea bakuli la nyanya, nyingine zimeiva, nyingine bado. "Nichagulie nyekundu, mume wangu. Nimechoka."

Akaingiza mkono. Hakutazama. Alizibonyeza moja moja kwa kidole gumba, taratibu, akaniwekea tatu mezani. Zote zilikuwa nyekundu. Moyo uliniuma, maana kidole kile kilionekana kimeizoea kazi.

"Umepatia," nikasema. "Na taa, nazo ulizibonyeza?"

Mkono wake ukabaki ndani ya bakuli.

"Nimeweka vibaya?"

"Umezibadilisha. Yule wa tishari hajalewa."

Akavuta kiti, akakaa kama mzigo ulioshushwa.

"Rangi zilianza kufifia kidogo kidogo. Sasa nyekundu na kijani zote naziona kama chai. Nikikutana na wenzangu nakisia kwa mlio wa injini. Nikiiacha boti, mke wangu, mimi nitakuwa nani?"

Nilikuwa na hasira, nilikuwa na huruma, na sikuwa na nguvu ya kutosha kwa yote mawili.

"Utakuwa mume wangu. Na wale manesi watafika kwao. Kesho fundi azirudishe taa mahali pake, na mimi na wewe twende ukapimwe macho. Boti haitoki mpaka hapo."

Nilingoja ubishi. Badala yake akatoa ufunguo wa boti, ule wenye kipande cha boya ili usizame, akanikabidhi. Tukakaa bila kupika. Boti za wengine zilikuwa zinapita, naye akageuza sikio, si macho.

Kisha akashika ncha ya mkono wa gauni langu.

"Hili ni rangi gani?"

"Kijani."

"Linakupendeza," akasema.