Kipande cha Tano: Sinema Narjis

Upepo wa khamasini ulikuwa umeijaza Aleksandria vumbi la jangwani, na Bendi ya Kasri la Utamaduni ilikuwa ikifanya mazoezi nje, kwenye uwanja wa kuegesha magari mtaani Ibrahimiya, kwa sababu ukumbi wao ulikuwa unapakwa rangi tangu mwaka jana na rangi yenyewe haikauki. Insaf, mpiga klarineti wa kwanza, alikalia kiti cha plastiki chenye mguu mfupi. Akainuka, akatia kipande cha boksi chini ya mguu, akakaa. Akainuka tena. Wagih, mpiga klarineti aliyekaa ubavuni mwake, mwanamume mnene mwenye duka la miwani, alikuwa amemkanyagia karatasi zake za muziki zisipeperuke.

"Dada Insaf, tulia basi," alisema. "Umekalia siafu?"

"Nimetulia," Insaf alisema, akainuka.

Alikuwa hivyo kwa miaka minne. Nyumbani alianza kuosha vyombo akaviacha kwenye povu, alitoka kununua mkate akarudi na vitunguu. Usingizi wake ulikuwa wa vipande vipande. Watu walisema ni damu ya joto, kumbe ni moyo uliokosa pa kukaa.

Maestro Lutfi alikuwa ametunga vipande vitano vya kuusifu mji, ili vipigwe siku ya sherehe ya jimbo: cha kwanza ngome ya Qaitbay, cha pili kituo cha tramu cha Raml, cha tatu soko la samaki la Anfushi, cha nne daraja la Stanley, na cha tano Sinema Narjis. Vinne vya mwanzo vilipigwa bila taabu. Ngome ilikaa kule kule iliko, na daraja vivyo hivyo, kwa kuwa vitu hivyo vipo na havikuwa na haja ya kuja. Sinema Narjis ilikuwa imebomolewa, na uwanja ule waliokalia ndio uliokuwa kiwanja chake. Kwa hiyo walipofika kwenye noti ndefu ya klarineti, katikati ya kipande cha tano, sinema ikaja.

Zilikuja kwanza ngazi za marumaru, halafu dirisha la tiketi, halafu ghorofa ya juu na madirisha yake ya mbao za kijani. Wapiga ngoma walisogeza viti, maana nguzo moja ilipita pale walipokaa. Mwenye Fiat nyeupe alitoka kwenye mgahawa wa jirani, bado anatafuna, akaliondoa gari lake mlangoni mwa sinema. Jengo lilikuwa limeelea juu ya lami kwa kimo cha shubiri moja, na paka wawili wakaingia chini yake kutafuta kivuli. Maestro aliinama akatazama lile pengo, akakasirika.

"Mmepanda! Nyote mmepanda! Jengo zima limening'inia!"

"Joto, Maestro," alisema mpiga tuba. "Tumelinganisha sauti asubuhi kwenye ubaridi, sasa vyombo vimeshachemka. Tufanyeje?"

"Mvute mabomba yenu nje kidogo, ndivyo mfanye. Sitaki kuaibika na sinema inayoelea."

Walistahili kusemwa. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua kwamba chombo cha kupuliza kikipata moto sauti hupanda, na mtu asiporekebisha, kila kitu hupanda nayo.

Ghorofani dirisha lilifunguliwa, na Fikri, mume wa Insaf, akatoa kichwa. Alikuwa na glasi ya chai mkononi. Alitazama bendi, akatazama anga lililopigwa rangi ya manjano na vumbi, akarudi ndani. Insaf, klarineti yake mdomoni, alimwona, akaendelea kuishika noti, kwa sababu ilikuwa zamu yake kuishika. Ila machozi yalimtoka, yakashuka mpaka kwenye vitufe vya klarineti. Noti ilipokatika, lami ilibaki tupu na watu wakaenda kunywa maji.

Fikri alikuwa mlinzi wa sinema hiyo. Alfajiri moja, miaka minne nyuma, mashine zililiangusha jengo, na vifusi vikasombwa kwa malori kabla adhuhuri haijaadhiniwa, haraka ambayo mji ule haujawahi kuiona kwenye jambo lingine lolote. Injinia Shaukat, mwenye kiwanja, aliwaambia polisi kwamba jengo lilikuwa tupu. Fikri hakurudi nyumbani. Injinia akasema, kwa masikitiko, kwamba siku za karibuni alikuwa akimwona mlinzi wake na mwanamke fulani kutoka mji wa Tanta. Mtaa ukalipokea neno hilo kwa mikono miwili. Lilipita kwa muuza kushari na sahani zake za wali na dengu, likapita kwa kinyozi, na lilipomrudia Insaf yule mwanamke wa Tanta alikuwa ameshapata nywele nyekundu na mtoto wa pili.

Kwa hiyo hema la matanga halikusimamishwa mtaani. Kahawa isiyo na sukari haikuzungushwa, na msomaji wa Kurani hakuja. Insaf hakuwa mjane wala mtalaka. Wanawake walimshika bega wakamwambia, "Wanaume ndivyo walivyo, Insaf," na kila aliyemshika bega alimchoma kisu. Alichokitaka duniani kilikuwa kidogo tu: mtu mmoja aje mlangoni pake amwambie, pole kwa msiba.

Kwenye mazoezi yaliyofuata, Wagih alimgusa kwa kiwiko kabla ya kipande cha tano.

"Noti ndefu nitakushikia mimi na wale wawili wa nyuma. Tutapokezana pumzi, Maestro hatasikia ufa. Nenda kamwone mtu wako."

"Na mapafu yako hayo ya sigara?"

"Nenda, mwanamke, kabla sijabadili mawazo!"

Ndiyo kazi ya bendi hiyo. Mmoja akivuta pumzi, jirani anapuliza, na anayesikiliza anadhani ni mtu mmoja asiyechoka. Sinema ilipokuja, Insaf aliweka klarineti kitini, akakunja gauni, akapanda ngazi ya kwanza, ambayo bado ilikuwa juu kidogo kuliko inavyopaswa. Alipita kwenye harufu ya zulia bichi na mbegu za maboga zilizokaangwa, akapanda ghorofani.

Fikri alikuwa amekaa juu ya rundo la viti vya chuma vilivyong'olewa.

"Insaf! Umeniletea chakula?"

"Sikuleta. Fikri, shuka twende nyumbani."

"Niende nyumbani niache chuma hiki chote? Wale wahuni wa nyuma wataniachia hata bawaba?" Alicheka. "Injinia amenisisitiza mwenyewe. 'Fikri, lala humo humo na chuma changu, usitoke mpaka nije nikuite kwa mdomo wangu.' Na chai kaniletea. Mtu mkubwa kama yule, kanibebea chai!"

"Kwa hiyo alijua umo ndani."

"Si ndiye aliyeniweka? Wewe nawe!"

Insaf alikaa chini. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kukaa bila kutaka kuinuka. Alimshika mkono, na mkono ulikuwa na joto la glasi.

"Watu wanasema umekimbia na mwanamke wa Tanta," alimwambia.

"Mimi? Na magoti haya?" Fikri alicheka mpaka chai ikamwagika. "Waambie anisubiri kwanza nipande ngazi za treni."

Insaf naye alicheka. Hakumwambia kwamba amekufa. Mtu haambiwi jambo kama hilo akiwa kazini. Alimvuta mkono, na Fikri akamwondoa vidole polepole, kama anayemtoa mtoto kwenye kitasa cha mlango, akasema atamuudhi Injinia. Chini, sauti ya klarineti za wenzake ilianza kukwaruza. Insaf alishuka mbio, na miguu yake ilipogusa lami Wagih alikuwa amekuwa mwekundu kama nyanya na nyuma ya Insaf hakukuwa tena na sinema.

Wenzake wote walikuwa wamesikia, maana madirisha yalikuwa wazi na Fikri alikuwa na sauti kubwa. Walisafisha vyombo vyao bila kutazamana.

Asubuhi yake Insaf alikwenda ofisi ya vizazi na vifo. Madamu Samiha, aliyekaa nyuma ya kioo, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa kwa huruma.

"Mpenzi wangu, mimi nakaa ng'ambo ya ule uwanja. Mumeo nimemwona jana kwa macho yangu mawili, yuko dirishani anakunywa chai. Unataka nimwandike mtu amekufa, na chai mkononi?"

"Unamwona dakika mbili kwa siku, Madamu! Tena kwenye jengo lisilokuwepo!"

"Wako wanaume wanaoonekana nyumbani chini ya hapo, na hatujawazika."

Huko polisi mambo yalikuwa mafupi zaidi. Afisa aliuliza aliyedhulumiwa ni nani, akaambiwa ni mume, akauliza mume mwenyewe analalamika nini. Insaf alifikiri kwa uaminifu, akasema mume mwenyewe halalamiki, anamshukuru Injinia kwa chai. Afisa akafunga kalamu yake. Mtaani, maneno yalibadilika kidogo tu. Sasa walisema yule mwanamke wa Tanta amemchoka, kamrudisha.

Hasira zilimpanda Insaf mpaka akazifurahia, maana zilimkalisha macho kwa sababu inayoeleweka. Alimfuata Maestro Lutfi mbele ya bendi nzima.

"Maestro, umesikia alichosema Fikri. Nyote mmesikia. Siku ya sherehe Injinia atakuwa kiti cha mbele. Noti ile iachwe ndefu, asikie na yeye, na wakubwa wa jimbo wasikie."

Maestro alivua miwani akaifuta vumbi, akaivaa, akaivua tena. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na hofu, na hofu ilimfanya aonekane mzee.

"Insaf, binti yangu. Uwanja ni wa Injinia. Viti ni vya Injinia. Hizi sare ulizozipenda kola zake, za Injinia. Ameniomba kwa upole kabisa kwamba kipande cha tano ni kirefu. Nimekipunguza. Klarineti zitashika hadi ngazi na dirisha la tiketi, basi. Watu watakumbuka sinema yao, watafurahi."

"Na ghorofani?"

"Ghorofani hatutafika."

Insaf aliwatazama wenzake mmoja mmoja. Mpiga tuba aliangalia ndani ya tuba yake. Wagih aliinua mabega, macho yamemjaa maji, akasema kwa sauti ndogo kwamba leseni ya duka lake iko mezani kwa watu wa Injinia. Akamwomba samahani. Insaf alimsamehe papo hapo, na hilo lilimuuma kuliko kukasirika.

Siku ya sherehe upepo ulikuwa umetulia na jioni ilikuwa na ubaridi, kwa hiyo bendi ilikuwa na sauti safi. Viti vilijaa. Injinia Shaukat alikaa mbele na mkewe, koti la kijivu, tasbihi mkononi, akimwitikia kila mtu salamu. Ngome ilipigiwa makofi. Tramu, samaki na daraja vilipigiwa makofi. Kwenye kipande cha tano ngazi za marumaru zilikuja, zimekaa juu ya lami barabara bila pengo, na dirisha la tiketi likaja na taa yake imewaka. Wazee waliguna kwa furaha. Bibi mmoja aliinuka akaenda kukata tiketi, akarudi akiwa ameishika. Juu ya dirisha la tiketi, mahali ambapo hapakuwa na kitu ila anga, zilisikika nyayo za mtu anayetembea huku na huku.

Maestro alifumba kiganja. Bendi ikanyamaza, vyombo vikashuka mapajani. Ngazi na dirisha la tiketi vikaondoka.

Insaf hakushusha klarineti. Aliendelea na ile noti, peke yake. Maestro alifumba kiganja mara ya pili, akamtolea macho, lakini Insaf alikuwa amefumba yake. Wagih aliinua klarineti yake nusu, akaitazama, akairudisha pajani. Klarineti moja haina nguvu ya kuleta jengo zima. Ilileta kipande cha ukuta wa ghorofani, kimesimama hewani juu ya vichwa vya wapiga ngoma, na ndani yake dirisha moja la mbao za kijani.

Dirisha lilifunguliwa. Fikri alitoa kichwa, akaona watu wengi wamekaa, akaona taa, na kwenye kiti cha mbele akamwona bosi wake. Uso wake ulikunjuka.

"Injinia! Kumbe umeshafika! Nishuke sasa?"

Kila mtu uwanjani alisikia. Insaf alifumbua macho. Neno lilikuwa limemjaa kifuani, shuka Fikri, shuka sasa hivi, lakini kinywa chake kilikuwa kimeziba kwa klarineti, na angekiachia kusema noti ingekatika, naye angekuwa analiambia anga. Akapuliza. Alimtazama Maestro, akawatazama wenzake, akawatazama watu waliokaa kwenye viti, akiwaomba kwa macho mmoja wao amjibu.

Injinia Shaukat aliinuka, akafunga kifungo cha koti. Alikuwa mtu wa adabu, na alikuwa ameitwa kwa cheo chake mbele ya watu.

"Bado, Fikri," alisema. "Kaa humo humo. Nitakuita."

"Haya, Injinia. Mungu akuweke."

Fikri akarudi ndani, akavuta mbao za dirisha na kuzifunga. Injinia aliketi, na mkewe akampangusa vumbi begani. Watu walianza kupiga makofi, kwanza wa mbele, kisha wote. Insaf aliendelea kupuliza, dirisha likiwa limefungwa, mpaka pumzi ikamwisha.