Mafiga ya Wilkister

Siku tuliyonunua nyumba ya kaka yangu Tobias, karani alinisukumia kidau cha wino ili nichovye kidole gumba. Nikamwambia nitaandika. Mwaka mzima nilikuwa naenda masomo ya jioni kule Ruiru, Nelima wangu akilala mgongoni huku mimi nikifuata herufi kwa chaki. Niliandika jina langu polepole, Nakhumicha, kisha nikalitazama mpaka wino ukakauka. Nyumba ya udongo na mabati, vyumba viwili, baraza mbele na jiko la nyuma, pale Majengo ya Thika, ilikuwa yangu.

Tobias ndiye aliyetaka iandikwe hivyo. Alikuwa amepata kazi Jinja na mke mwingine huko huko, na alisema hawezi kumuuzia shemeji yake nyumba, afadhali iende kwa dada. Absalom, mume wangu, alicheka tu. Yeye aliendesha trekta kwenye shamba la kahawa Ruiru, na sisi tulilala katika nyumba ya tajiri. Siku kazi ikiisha, na nyumba imeisha. Kwa hiyo alitaka tuwe na mahali petu, jina liwe la nani shauri yao.

Lakini ndani ya nyumba ile alikuwamo Wilkister, aliyekuwa mke wa Tobias. Ng'ombe za mahari zilikuwa zimerudi kwa baba yetu na ndoa imekwisha mbele ya wazee. Yeye alibaki kwa sababu ya cherehani. Ilikaa barazani, na nusu ya Majengo ilivaa nguo zilizotoka hapo.

"Wifi," aliniambia, "hata sijui kama bado nikuite hivyo."

"Niite vile umezoea."

"Basi wifi, nipangishie. Nikitoka hapa ni kwa kaka yangu Kimilili, na mke wake alishasema nyumba imejaa. Na hapa mjini, siku hizi za hali ya hatari, askari akiuliza unakaa kwa nani na huna wa kumtaja, ni kupandishwa lori."

Nilikubali kabla hajamaliza. Nilipaka kuta upya, nikafagia uani, nikamkabidhi ufunguo. Mafiga ya jikoni sikuyagusa. Mama yetu, kabla hajafa, alisafiri kutoka nyumbani kuja kumwekea Wilkister mawe yale matatu kwa mikono yake, kama mama mkwe anavyopaswa. Niliona ni heshima kuyaacha.

Baba aliposikia binti yake amenunua nyumba hakuamini. Akapanda treni kutoka Bungoma aje aione kwa macho. Jumapili nikampeleka Thika. Wilkister alikuwa barazani akimpima jirani yake Ngendo gauni. Alipomwona Baba aliinuka, akageuza uso na kuzunguka nyuma ya nyumba. Kwetu mkwe na mke wa mwanawe hawapeani mkono wala hawasemezani ana kwa ana. Miaka saba walikuwa wameishi hivyo.

Baba alipapasa kuta. Alibisha mlango ulio wazi, kusikia mbao zake. "Nyumba kweli," alisema, na Nelima akamvuta ndevu, na yeye akaacha avutwe. Halafu akafika jikoni. Sufuria ya maharagwe ilikuwa inatokota. Baba akasimama kama mtu aliyekanyaga mwiba.

"Nakhumicha. Haya mafiga si ya mama yako?"

"Ni yake, Baba."

"Na huyo anapikia juu yake?"

"Ndiyo."

"Basi huyo ni mke wetu! Usiku mzima unasoma kitabu, hili hukusoma? Utachukuaje kodi kwa mke wa kaka yako? Mtu amesikia wapi?"

"Ng'ombe zilirudi, Baba."

"Ng'ombe zilirudi, mafiga hayakurudi. Tobias ana mke Jinja na mke Thika, na hana habari! Mwambie atoke. Mwambie leo."

Sauti ya Wilkister ikatoka nyuma ya ukuta. "Wifi, mwambie mzee nimesikia. Mwambie nikitoa mafiga, nitakaa?"

Baba alinitazama, akatazama ukuta. "Mwambie akiyatoa yeye mwenyewe, yeye si wetu tena. Mpangaji ni mpangaji."

"Mwambie asante."

Baba akatoka uani kumpisha, naye Wilkister akaingia na kanga kichwani, uso chini. Aliipua sufuria, akavuta kuni, akamwaga maji. Moshi mweupe ukajaa mpaka dari. Kisha akashika jembe. Jiwe la kwanza liligoma, nikamsikia akihema, likang'oka na udongo wake. La pili. La tatu. Aliyabeba kwa gunia, yakiwa bado moto, akayapanga uani mbele ya miguu ya Baba.

"Mwambie mzee mali yake hii."

"Atapanda nayo treni?" Ngendo aliuliza kutoka barazani, gauni likiwa nusu mwilini. "Atiriri! Watamkatia tikiti nne!"

Hakuna aliyecheka. Mimi nilikuwa nimeinama jikoni. Pale mawe yalipokuwa palibaki mashimo matatu, na udongo wake ulikuwa umeiva kwa moto, mwekundu na mgumu kama tofali. Uji wote, chai yote, maji yote ya kuoga ya kaka yangu, vilichemkia hapo. Niliweka kiganja shimoni. Palikuwa na joto bado, kama kitanda mtu akishaamka.

Wilkister akarudi jikoni, akafunua gunia jingine pembeni. Chini yake kulikuwa na mawe matatu mapya, ya kuchongwa, mabaki ya ujenzi wa duka jipya la Mohanlal. Mwashi alimpa kwa kushonewa suruali.

"Ninayo tangu masika," alisema. "Nilikuwa nangoja mtu wa kuniwekea."

"Mimi ndiye mwenye nyumba," nikasema, na nikainua moja. "Nitaweka mimi."

"Weka chini!" Baba alipiga kelele hata Nelima akalia. "Wewe si mtoto wa nyumba yangu? Ukiweka wewe, tumemwoa tena sasa hivi!"

Nikaliachia. Nusura liniponde vidole.

"Basi nani?" nikauliza. "Mama yake alikufa. Mama yetu alikufa."

Kwetu mwanamke hajiwekei mafiga. Sikuwahi kuona wala kusikia.

Wilkister alipiga magoti. Hakuyaweka kwenye mashimo ya zamani, aliyafukia hayo kwanza, akashindilia kwa kisigino. Kisha akachimba upande mwingine, karibu na dirisha, akayatia mawe moja moja, akiyageuza mpaka yakatulia. Akapanga kuni. Akawasha kiberiti. Mimi na yeye jikoni, Baba kutoka uani, na Nelima, tulitazama ule mwali mdogo ukitafuta njia, kama tuko kanisani. Ulishika. Akateleka sufuria.

Nje, Baba alikuwa bado amesimama na mawe yake. Wilkister alipotoka, mikono imejaa majivu, alianza kugeuza uso kwa mazoea. Baba akanyoosha mkono.

"Mulembe, mama," alimsalimia, bila kupitia kwangu. "Mimi ni baba wa mwenye nyumba."

Wilkister alisimama. Alifuta kiganja kwenye kanga, upande mmoja, upande wa pili, akatoa mkono. Nilimwona akitazama mikono ile miwili ikishikana kana kwamba wake si wake.

"Mulembe, mzee," alisema. Macho yalikuwa yamejaa maji, na alikuwa anacheka. "Kumbe mkono wako ni mwepesi hivi?"

"Ni uzee," Baba alisema. "Hayo maharagwe yataiva lini?"