Mipopla ya Emilbek

Kila mwaka theluji ikiyeyuka na mipopla, ile miti mirefu ya boriti, ikivaa majani, chaneli ya mkoa ilikuwa ikiaga nyumbani kwa Burulcha. Zile za mji mkuu zilibaki, kwa sababu mnara wao uko mashariki, huko njia ya mlimani, na upande huo hauna kizuizi. Lakini ya mkoa, yenye habari za watu unaowajua na hata ng'ombe unaowajua, ilitoka kusini, na kusini ndiko ilikosimama mipopla ya mwanawe Emilbek. Wakati wa baridi mtangazaji alikuwa na sura. Kiangazi alikuwa vipande vipande, jicho huku, mdomo kule, na sauti inakatika kama ya mtu anayekabwa.

Mumewe, mzee Sagynbai, alitafuta wa kumlaumu. Alianza na king'amuzi, akakipiga makofi. Akaja kwa serikali, iliyozima antena za zamani na kuahidi kwamba chaneli za bure zitafika kila nyumba. Mwisho akayaona mabati mapya ya jirani yao Asylkan, mama mjane. Akasimama barabarani mbele za watu, akamwambia mabati yake yanayapiga mawimbi teke.

"Basi niezue paa nilale nje, mzee, ili wewe uangalie mieleka?" Asylkan akamjibu.

Watu walicheka. Sagynbai hakucheka, na tangu siku hiyo nyumba mbili hizo hazikusalimiana. Nyumba ya Asylkan ndiyo iliyopata chaneli ya mkoa safi kama maji ya chemchemi. Burulcha naye akafungiwa mlango huo, bila yeye kutia neno.

Mwishowe aliitwa Keldibek, fundi wa kila kitu: televisheni, pampu, na msumeno wa injini wa kupasulia mbao. Alipanda juu ya paa, akazungusha antena, akashuka akipangusa mikono kwenye suruali.

"Mzee, mabati hayana kosa. Ni miti. Majani yamejaa maji, na mawimbi kwenye maji hayapenyi. Mvua ikinyesha ndiyo basi kabisa. Ukiikata, hata antena ukiitia kwenye ndoo itashika."

"Miti ipi?"

"Si hiyo yako?"

"Hiyo si yangu, ni ya mwanangu. Maliza chai yako, Keldibek."

Emilbek alipozaliwa, Sagynbai aliipanda mistari ile kwa mkono wake, kama baba yake alivyompandia yeye. Mtoto anakua, miti inakua. Siku akitaka kujenga, miti inaangushwa, inamenywa magome, inakaushwa kipindi cha baridi, na masika inapanda ukutani kuwa boriti. Bondeni kote, ukisikia fulani anakata mipopla ya mwanawe, huulizi tena. Unajua nyumba inakuja. Ya Emilbek ilishapita kimo cha boriti zamani. Mwenyewe alikuwa Urusi, Yekaterinburg, akipiga plasta majumba ya wenzake. Alikwenda kwa msimu mmoja. Akaoa huko, akazaa huko, na wajukuu Burulcha aliwajua kwa picha za simu, wakubwa kuliko nguo alizowashonea.

Jioni hizo zisizo na chaneli ya mkoa, wazee wawili walitegeana vitendawili. Aliyeshindwa alitoa mji. Sagynbai alishindwa mara nyingi, kwa hiyo Burulcha alikwishapewa Osh, akapewa Talas, akapewa mji mkuu na soko lake. Mmoja tu hakupewa.

"Nipe Yekaterinburg," alikuwa akimwambia.

"Huo hapana. Ule mwanangu ameuazima tu, ataurudisha. Chagua mwingine."

Mwanzo wa kiangazi Emilbek akapiga simu. Watu wa televisheni ya mkoa wamefika Urusi, alisema, kurekodi salamu za vijana wa nyumbani. Zake zitatoka Jumamosi.

"Kuna jambo nitasema, mama. Baba naye asikilize."

"Jambo gani, mwanangu? Niambie mimi."

"Mtaona. Kwa simu siwezi."

Burulcha alikaa na simu mkononi hata baada ya kukatika. Anarudi, au harudi. Jambo gani lingine mtoto asiloweza kumwambia mama yake?

Jumamosi mvua ikaanza asubuhi. Burulcha akatandika busati la manyoya, akakaanga maandazi kama ya wageni, akamtazama mumewe aliyekuwa akiitikisa antena dirishani.

"Kitendawili," alisema.

"Tega."

"Wamesimama wima wakimngoja mtu, na wao ndio wanaomficha."

Sagynbai akaitazama miti, akamtazama mkewe. "Sijui, na sitaki kujua."

"Matawi tu, mzee. Juu juu."

"Boriti ikiguswa kabla ya wakati wake inaoza. Unataka nikate nyumba ya mtoto ili nimwone mtoto?"

Kipindi kikaanza. Wakapita vijana wa vijiji vingine, pua bila macho, kofia bila kichwa. Kisha Burulcha akamjua wa kwake kwa bega tu. Picha ikajikusanya ghafla, na Emilbek akawa mzima, amenenepa, nywele zimeanza kumtoka kama za babu yake.

"Baba, mama, salamu. Baba, ile mipopla yangu, ikate..."

Hapo pakaganda. Sauti ikafa. Kwenye kioo alibaki Emilbek amenyoosha mkono, ameshika funguo, anatabasamu, na nusu ya shavu imekuwa mraba wa kijani. Alipotoweka, mahali pake palikuwa na mtu mwingine anayemsalimu shangazi yake.

Sagynbai aliinuka. Burulcha hakuwa amemwona akiinuka haraka hivyo tangu walipokuwa vijana.

"Umesikia? Ikate, amesema. Umeona funguo?"

"Funguo za nini, mzee?"

"Za nini tena? Mtu anatanguliza kufuli na milango, boriti ziko kwao. Anajenga."

"Ngoja kwanza nimpigie."

"Amesema mbele ya mkoa mzima, na wewe unataka arudie kwenye simu? Ataniona kiziwi."

Burulcha alipiga kwa siri, akiwa zizini. Simu iliita mpaka ikachoka.

Jumapili asubuhi Keldibek alikuwa uani na msumeno wake. Mpopla wa kwanza ulianguka kwa mlio wa nguo inayochanika. Wapita njia walisimama kumpa mzee pongezi, naye akawaitikia, kofia kisogoni, akiwaonyesha wapi utakuwa mlango, wapi dirisha la kutazama mlima. Miti ilikuwa imebaki michache Asylkan alipokuja kwenye ua, ndoo ya maziwa mkononi. Alisimama upande wa nje.

"Naona mmeamua kuiuza," alisema. "Mmefanya vizuri. Hongereni na nyumba ya huko."

"Nyumba ya wapi?"

Asylkan alimtazama vizuri. Burulcha aliona vile alivyokuwa amejiandaa kuchoma, na vile kisu kilivyomgeukia mkononi.

"Hamkuona, dada?"

"Tuliona funguo."

"Amenunua nyumba huko Urusi. Alisema muikate, muiuze, msimngoje." Asylkan akahamisha ndoo mkono wa pili. "Ungekuja kwangu. Mimi nilikosana na mumeo, sikukosana na wewe. Nilikuwekea hata mto."

Burulcha alikwenda mpaka kwenye magogo, na neno kinywani. Sagynbai alikuwa amepanda juu ya gogo kubwa, akilipima kwa hatua, vumbi la mbao nyusini.

"Mpopla huu, bibi, ni boriti ya katikati. Tazama ulivyonyooka. Niliufunga kamba ungali mchanga kama kidole."

Lile neno Burulcha alilimeza. Ilikuwa imebaki mitatu. Akajiambia, aifurahie hiyo mitatu.

Alasiri kipindi kilirudiwa. Sagynbai mwenyewe ndiye aliyekumbuka. Aliingia na magome kwenye mikono ya koti, akaketi mbele kabisa kama mtoto. "Sasa tumwone bila majani," alisema.

Burulcha alishika rimoti. Angeweza kuizima televisheni, akasema umeme umekatika. Lakini kesho angesema nini, na kesho kutwa, msumeno ukifika kwenye mbao za milango? Akakipangusa kioo kwa mkono wa gauni, akarudi akaketi karibu naye.

Picha ilikuwa safi. Walihesabu hata mikunjo ya shati.

"Baba, mama, salamu. Baba, ile mipopla yangu, ikate, uiuze, utengeneze paa la zizi. Msinisubiri tena. Hizi ni funguo za nyumba yetu, tumenunua huku. Watoto wanasoma huku, wamezoea. Siku moja nitawaleta waione milima."

Akatabasamu, bila mraba wa kijani. Akafuata yule mtu na shangazi yake.

Sagynbai alikaa mpaka shangazi alipokwisha kusalimiwa. Kisha akavaa kofia, akatoka. Burulcha akasikia chombo cha kumenyea magome kikikwangua. Mpopla uliokatwa lazima umenywe ukiwa mbichi, hata kama hakuna wa kuujengea. Ukiachwa unaingiwa na wadudu. Akamfuata, akakaa upande wa pili wa gogo, akavuta ganda kwa kucha. Anga ya kusini ilikuwa wazi mno. Mtu alijisikia kama amekaa uchi.

"Wewe ulijua?" mzee aliuliza, bila kuinua kichwa.

"Tangu asubuhi. Asylkan alinambia."

"Na ukaniacha niseme na watu habari za dirisha."

"Nilikuacha."

Chombo kilikwangua. Ganda refu likaanguka kati yao, jeupe ndani, bado lina maji.

"Kile kitendawili chako cha jana," Sagynbai alisema. "Nimeshindwa. Chukua mji."

"Upi?"

"Ule wa Urusi. Ule niliokunyima."

Burulcha akavuta ganda jingine. Ndani ya nyumba, mtangazaji wa mkoa alikuwa akieleza hali ya hewa, maneno yake yote mazima.