Maharage Yasiyo na Chumvi

Kwa miezi saba Fundi alikuwa amevumilia. Walikuwa watu watano, wakikutana Jumapili ya mwisho wa mwezi, alasiri, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Kanuni ilikuwa moja: mwenye nyumba anachagua riwaya, wote wanaisoma, na siku ya kukutana anapika chakula kinacholiwa ndani ya riwaya hiyo. Kanuni hiyo aliitunga yeye mwenyewe, nyuma ya cherehani yake, akigeuza kola za mashati yaliyochakaa. Siku hiyo aliiona nzuri ajabu.

Kumbe watu walikuja kula. Mwalimu, ambaye kutwa huwafokea wanafunzi wasiosoma, alikuwa akiishia kwenye maelezo ya jalada la nyuma. Nesi alisoma kurasa kumi za mwanzo, mwisho akaukisia, na mara mbili aliua watu ambao mwandishi aliwaacha hai. Wifi yake Fundi, dada wa mumewe, hakujisumbua hata kukisia. "Mimi ni wa jikoni," alisema. "Nyinyi someni, mimi nitaonja." Na Dereva, anayeendesha gari la wagonjwa hospitalini kwa kina Nesi, alikaa pembeni, akala sahani mbili, akashukuru na kwenda zake. Huyo naye, Fundi alishamweka kwenye kundi la wafuata sufuria.

Zamu yake ilipofika tena, akaapa kwamba safari hii watasoma, wapende wasipende. Alichagua riwaya nyembamba, mtu asije na visingizio. Ilimhusu mwanamke ambaye mumewe alitoka asubuhi kwenda kazini, asirudi. Mwanamke akala kiapo: chumvi haitaingia chunguni mwake mpaka mume arudi. Miaka kumi na moja watoto wanakula maharage chapwa, majirani wanamcheka, naye hayumbi. Fundi aliimaliza kwa siku mbili, cherehani imelala, mteja wa suruali anapigwa kalenda.

Mpango wake ulikuwa huu: atapika maharage bila hata chembe ya chumvi. Wageni wataonja, watakunja nyuso, watauliza. Hapo ndipo atafungua sura ya mwisho na kuwasomea, na hata asiyesoma neno ataionja riwaya kwa ulimi wake. Hakumwambia mtu. Aliyaloweka tangu Jumamosi, akayachemsha mpaka yakalainika, akayaunga kwa kitunguu, nyanya na karoti. Akaenda kuoga, moyo wake mweupe.

Wageni wakaketi. Wakapakua. Fundi akawatazama midomo kama anayesubiri majibu ya mtihani.

"Matamu!" Mwalimu alisema.

"Umepatia kwelikweli," Nesi akaongeza, huku akisogeza sahani kwa awamu ya pili.

Hakuna uso uliokunjwa. Fundi akachota kijiko, akaonja. Chumvi! Tena iliyopimwa sawasawa.

Kabla hajapata neno, Dereva alikohoa. "Samahani, Fundi. Mbona yana chumvi?"

Nesi akacheka. "Kwani ulitaka yawe bila?"

"Kitabuni hayana," Dereva alisema. "Mimi tangu asubuhi nimejiandaa kuvumilia."

"Nani ametia chumvi?" Fundi aliuliza. Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia.

Wifi yake akaweka kijiko chini. "Mimi. Nimefika uko bafuni, nimeonja, nikakuta chapwa. Nikasema wifi yangu kazi zimemzidi, amesahau, acha nimfichie aibu. Kosa langu liko wapi?"

"Kosa lako ni kwamba hukusoma! Ungesoma kurasa tano tu ungejua!"

"Na wewe ungesema maneno matano tu ningejua!"

Mwalimu akatazama sahani kana kwamba imeandikwa kitu. Fundi akamgeukia Dereva, maana hasira ilihitaji pa kwenda. "Na wewe, umesoma lini?"

"Garini. Tukisubiri mgonjwa ashushwe, kurasa mbili tatu zinapita. Navisoma vyote."

"Vyote? Miezi yote hii! Mbona husemi?"

Dereva akajifuta mdomo. "Hukuniuliza. Kila tukimaliza kula wewe ndiye unaeleza, sisi tunasikiliza."

Neno hilo lilimchoma Fundi kuliko chumvi. Sura ya mwisho hakuwasomea. Wageni waliaga mapema, kwa adabu nyingi, ile adabu ya watu waliogombezwa wakati wanatafuna. Wifi yake aliosha vyombo vyote bila kuongea, kisha akakichukua kitabu juu ya kabati, akakitia kwapani na kuondoka bila kuaga.

Wiki mbili zikapita kimya. Fundi akajiambia chama kimekufa, na afe nacho aliyekianzisha.

Jumatano moja asubuhi wifi akaingia kwenye kibanda cha kushonea, hata hodi hakupiga. Akakitupa kitabu juu ya kitambaa kilichokuwa kikikatwa.

"Mwanamke wako huyu ni mpumbavu," alisema.

Fundi akaweka mkasi. "Mpumbavu? Miaka kumi na moja anashika neno lake, unamwita mpumbavu?"

"Neno lake, sawa. Watoto je? Waliapa wao? Wale watoto wamekula chapwa kwa kiapo cha mtu mwingine, na mwandishi anataka tumpigie makofi!"

"Hujaelewa kitabu."

"Nimekisoma mara mbili! Nieleweshe basi."

Fundi alikuwa amelia kwa ajili ya yule mama, ukurasa kwa ukurasa, wala hakuwahi kuwafikiria wale watoto, na sasa anasomeshwa na mtu wa jikoni. Akavuta kigoda kilichojaa vipande vya vitambaa, akavimwaga chini vyote.

"Kaa hapo," alisema. "Fungua sura ya sita. Hebu nioneshe ni wapi mtoto hata mmoja amelalamika."

Wifi akakaa, akalamba kidole, akaanza kupekua.