Kisiwa cha Busenga Chahamia Kalerwe

Jumanne asubuhi, wanawake wa Kalerwe walipokuwa wakipanga mafungu ya nyanya kando ya barabara, walikuta kisiwa kimetua bondeni, kwenye mafunjo. Kilikuwa Busenga, kidogo kuliko visiwa vyote vya wilaya ya ziwani. Kilikuja na miti yake, kanisa lake la mabati, na maji ya kutosha kukizunguka. Wanawake walisogeza meza zao zisilowe, wakaendelea kuuza.

Watu wa Busenga walikuwa Nateete, upande mwingine wa Kampala, tangu mvua za mwaka 1974, wakilala katika ghala la kahawa. Jeshi lilitaka kisiwa chao kwa ajili ya kambi. Chifu wao, Cleopas, alikuja Kampala kwa gavana kueleza kwamba kisiwa kina wenyewe. Alipotoka alipakiwa kwenye gari lisilo na namba, hakuonekana tena. Baadaye wanajeshi walifika na mashua, wakawahamisha wote.

Rukiah, mkewe Cleopas, alipopata habari za kisiwa alikunja mkeka wake, akaongoza wenzake kwa miguu hadi Kalerwe. Walivuka maji, wakafagia nyumba zao, wakawasha moto. Walinzi wa kambi walikuwa bado wamo, wamechoka kwa safari. Rukiah aliwaonyesha njia ya kwenda mjini.

Kesho yake alikuja Meja Ongom kutoka ofisi ya gavana. Hakuuliza kisiwa kilifikaje. Kilichomsumbua ni mipaka: Kalerwe haikuwa katika wilaya ya ziwani.

"Kisiwa hii inarudi kwa maji kesho," alisema.

Rukiah alimjibu. "Afande, imekuja kutafuta chifu wake. Lete Cleopas, tutarudi naye."

Meja alisema hamjui mtu huyo. Akaleta trekta na minyororo. Walivuta mpaka jioni. Barabara ya Kalerwe ilisogea kidogo, kisiwa hakikusogea.

Mwishowe serikali ilikubali. Ilitangaza kwamba Busenga ni kisiwa halali cha Kampala, ikakiwekea kodi, ikakiteulia chifu mpya, koplo mstaafu aitwaye Abudu. Siku ya kuapishwa, watu walipangwa mstari mbele ya kanisa, wanajeshi wakiwa nyuma yao. Abudu alitaka kila mmoja amtaje chifu wake. Alianza na Rukiah.

"Cleopas," Rukiah alisema.

Abudu akamgeukia wa pili, mzee asiyeona. Naye akasema Cleopas. Ikawa hivyo mstari mzima, hadi kwa mtoto mchanga, ambaye mama yake alimsemea.

Meja aliinua kidole. Wanajeshi wakachukua wanaume wawili, wakawapakia kwenye gari, gari likaondoka. Waliobaki walisogeleana kuziba nafasi zile. Abudu alijifuta jasho, akarudi kwa Rukiah kuuliza upya, na Rukiah akamjibu kabla hajamaliza swali.